Povu Lina Kwao

Katekista wetu kule Port Victoria alikuwa na baiskeli nyeusi ambayo hakuna mtu mwingine aliruhusiwa kuishika, hata kuiegemea. Usukani wake aliuzungushia utepe wa nailoni, kijani na nyekundu, na kengele aliipangusa kwa kitambaa kile kile alichopangusia miwani. Jumapili moja alitoka kanisani akakuta gurudumu la nyuma limelala chini, halina upepo. Basi mtu huyo hakwenda kutafuta fundi. Alirudi ndani, akasimama mbele yetu sisi ambao tulikuwa hatujatoka, akasema adui wa kanisa ametoboa gurudumu lake kwa mwiba, na kwamba anamjua. Akamtazama mama mmoja mjane aliyekuwa akikaanga samaki pale nje, ambaye wiki iliyopita walikuwa wamegombana juu ya moshi kuingia kanisani. Watu wote wakageuka, wakamtazama yule mama.

Mimi wakati huo nilikuwa fundi wa baiskeli, kijana wa ndevu tatu, na kibanda changu kilikuwa kwenye njia ya kushuka ziwani. Shule niliachia darasa la tano. Kwa nini, sitaeleza, ni habari ndefu na baba yangu hayupo kujitetea. Baiskeli ililetwa kwangu Jumatatu. Nikatoa tyubu, nikaijaza upepo, nikaizamisha kwenye karai la maji nikawa naizungusha polepole. Mwiba haukuwepo. Mapovu yalikuwa yanatoka pale kwenye shina la valvu, ambapo mpira ulizeeka ukapasuka wenyewe. Nikamwita katekista. Akainama juu ya karai, akayatazama yale mapovu yakipanda moja baada ya jingine, muda mrefu kabisa. Kisha akaniambia nipake gundi na nisimwambie mtu.

Gundi nilipaka.

Najua nimeanzia mbali. Nyinyi vijana wa kiwandani mlinitumia daftari na kalamu mbili mkasema, Mzee, andika mambo ya kazi, tusije tukayapoteza. Nikaona niwaandikie kwanza mahali nilipojifunza kwamba povu halisemi uongo. Mtu anaweza kusema uongo akiwa amesimama mbele ya kanisa zima. Povu linatoka pale linapotokea, basi. Mambo mengine yote niliyojua kwa kazi yalianzia kwenye karai lile.

Kuhusu vyeo na mshahara sitaandika. Cheo kilikuja polepole na mshahara ukawa unakuja nyuma yake ukichechemea.

Niliingia Kisumu kumfuata shemeji yangu aliyekuwa anapakia kreti kwenye kiwanda cha soda, upande wa kwenda Nyamasaria. Jina la kiwanda sitaliandika, mnalijua, na wasiolijua hawatapungukiwa kitu. Siku ya kwanza nilipewa gumbuti mbili, zote za mguu wa kushoto. Nikauliza. Mtu wa stoo akaniambia za kulia waligawa jana. Nilifanya kazi wiki mbili nikitembea kama kaa. Kitu nilichokikumbuka usiku nikilala mtaani Manyatta si uchovu, ni kelele. Chupa elfu zikigongana kwenye mkanda, huko mbele mashine ya kuosha inanguruma, na juu ya yote hayo sauti kama mtu anayevuta pumzi kwa meno, tsss, bila kukoma. Hiyo ndiyo gesi.

Siku ya tatu au ya nne, ile tsss ilibadilika. Mimi sikujua, lakini Mzee Ogutu alijua. Mzee Ogutu ndiye alikuwa mtu wa gesi, mfupi, mkavu, overoli yake imekunjwa mikono mpaka kwenye kiwiko. Alisimamisha laini nzima ya mashine akawa anatembea kando ya mabomba ameweka mkono sikioni. Gesi yenyewe haina rangi wala harufu. Inavuja mahali, anaisikia, hapaoni. Mimi nikaenda bafuni nikachukua kopo la maji, nikakoroga sabuni ya kipande, nikaja nikaanza kupaka povu kwenye kila kiungo cha bomba kwa kitambaa. Mtu mmoja akanifokea nirudi kwenye kreti. Nikapaka cha nne, cha tano. Cha sita kikavimba, povu likatoka taratibu kama koo la chura.

Mzee Ogutu akanitazama. Akaniuliza nimetoka wapi.

“Port Victoria.”

“Huko mnafundishwa gesi?”

“Hapana, Mzee. Baiskeli.”

Akacheka kidogo kwa pua. Kutoka siku hiyo nikawa wake.

Sasa niwaambie alivyonifundisha, maana kwenye kitabu cha mashine hamtayapata hivi. Mzee Ogutu naye shule hakuenda mbali, ndiyo sababu alifundisha kwa vitu. Alichukua glasi, akamimina soda nyeupe, akatumbukiza punje moja ya njugu karanga. Njugu ikazama. Ikakaa chini. Halafu ikaota mapovu pande zote kama mtu mwenye surua, ikainuka yenyewe mpaka juu. Pale juu mapovu yakapasuka, njugu ikazama tena. Ikapanda, ikashuka, ikapanda. Nilikuwa mtu mzima na nilikaa pale nikitazama njugu mpaka tukachelewa zamu. Akaniuliza, mbona mapovu yanaota kwenye njugu na hayaoti katikati ya soda palipo peupe? Nikasema sijui. Akasema nitakapojua nimwambie, akaondoka.

Ilinichukua miezi. Kumbe iko hivi. Ile gesi, ambayo wenye shule wanaiita kabonidayoksaidi, sisi tunailazimisha kuingia kwenye maji. Haiingii kwa kupenda. Maji lazima yawe baridi sana, na gesi isukumwe kwa nguvu, ndipo inakubali kujificha humo, huioni kabisa. Ukifungua kizibo, ile nguvu inaondoka, gesi inataka kutoka. Lakini hapa ndipo ajabu ilipo: haiwezi kuanza povu mahali hapana kitu. Povu dogo kabisa linabanwa na maji pande zote, linakufa kabla ya kuzaliwa. Linahitaji kwao. Linataka ufa, mkwaruzo, vumbi, ngozi ya njugu yenye vishimo, mahali ambapo hewa kidogo imebaki imejibanza. Hapo gesi inaingia, povu linanenepa, linajing'oa, linapanda, na nyuma yake jingine linaanza pale pale. Tazama glasi yako siku moja utaona uzi wa mapovu unapanda kutoka nukta moja tu, haihami. Nukta hiyo ndiyo kwao.

Ndiyo maana soda iliyotikiswa inakurukia. Watu wanafikiri gesi imekasirika. Gesi ni ile ile. Ulipotikisa umeichanganya ile hewa ya shingoni na soda yenyewe, ikavunjika ikawa vipovu vidogo vidogo, kila kimoja ni nyumba tayari. Iache itulie, vile vipovu vitapanda juu, nyumba zitakwisha, utafungua kwa amani. Kuipigapiga chupa kwa kidole ni maombi tu, ingawa kanisani kwetu wanapiga wote pamoja na mchungaji.

Nyumbani elimu hii haikuniletea heshima. Mke wangu akiteleka maji ya ugali, vile vipovu vidogo vikishika kwenye kuta za sufuria anasema yamechemka. Mimi namwambia hapana, hiyo ni hewa tu iliyokuwa ndani ya maji, inakimbia joto, kuchemka bado, subiri mapovu makubwa ya mvuke yatoke chini. Aliniambia gesi yangu niiache kazini, hapa ni unga. Na ugali wake ulikuwa mzuri siku zote, sitakataa.

Kitu kingine Mzee Ogutu alichonifundisha ni kuogopa. Gesi ile ni nzito kuliko hewa, inakaa chini kama maji yasiyoonekana. Kwenye shimo la mabomba paka wa stoo aliingia kulala kwenye ubaridi na hakuamka. Hakuwa na jeraha. Nyinyi mnaoingia pale kuokota spana iliyoanguka, fungueni milango kwanza, mshuke wawili, mmoja abaki juu. Nisisikie mtu amefanya haraka.

Na alinifundisha kusikiliza. Mashine ya kujaza ikiwa sawa inalia kama mvua ya mbali juu ya mabati. Maji yakipata joto, au hewa ikiingia pampuni, inalia kama samaki kwenye mafuta. Baadaye ilikuja kompyuta yenye namba za kijani na nyekundu. Sina ubaya na kompyuta. Lakini mara nyingi nilikuwa nimeshafika kwenye valvu ndipo ile nyekundu inawaka, na hapo injinia anasema mashine imetuambia mapema.

Watu huniuliza kama haichoshi, maisha yote ukitengeneza mapovu. Sikilizeni. Mgeni akija nyumbani hapa kwetu, soda inaletwa imefungwa, inafunguliwa mbele yake. Ukimfungulia jikoni ukamletea iko wazi, atakunywa kwa adabu na hatasahau. Anataka kusikia ile tsss. Inamwambia hakuna aliyetangulia kuigusa, hiki ni chako, tumekuheshimu. Soda iliyokufa gesi ina sukari ile ile, rangi ile ile, na hakuna mtu anaitaka. Kwa hiyo sisi hatukuwa tunauza maji ya sukari. Tulikuwa tunauza ile tsss, na mimi ndiye niliyeiweka humo. Nasema bila aibu.

Mzee Ogutu alistaafu akarudi kwao, akafa akiwa amelala kitandani mwake. Mimi nikabaki na sikio lake, na mwishowe nikawa mkubwa wa laini. Hapo ndipo nafika kwa Perez.

Perez Atieno wengi mnamjua. Kwa wasiomjua, yeye ndiye alikuwa kwa taa. Chupa tupu zikirudi kutoka madukani zinaoshwa kwa dawa kali na maji moto, kisha zinapita mbele ya ubao mweupe wenye taa nyuma yake, na mtu anakaa pale kuzitazama moja moja zikienda mbio. Ameona uchafu, ameona kizibo ndani, ameona mdudu, anaitoa. Si kazi ya mchezo. Wengi macho yanawashinda kwa mwezi. Perez alikaa hapo miaka na miaka, mjane, wanawe wote watatu wamesomea kwenye taa ile. Alikuwa na mdomo. Akikuona unapita na chai anakuuliza kama hiyo chai inatafuta mtu wa kuinywa.

Meneja mpya alipokuja, kijana msafi, viatu vyake havikuwahi kushika maji ya sakafu, jambo la kwanza alilofanya ni kubandika amri ubaoni: madereva wa lori wasipokee chupa chafu kutoka madukani. Chupa yenye mafuta, yenye harufu ya mafuta taa au ya omena, dagaa wetu wa ziwani, iachwe huko huko. Niliposoma niliona ni amri nzuri. Naandika hivyo kwa sababu ni kweli, niliisifu, hata nilimwambia.

Baada ya wiki chache povu likaanza. Soda inaingia kwenye chupa, inafura, inamwagika nje, na ikifungwa kizibo chupa iko nusu. Si zote. Zinapita nyingi nzuri, halafu linakuja kundi zima la wendawazimu. Nikaangalia baridi ya maji: sawa. Nikaangalia gesi: sawa. Nikafungua pampu, nikapaka sabuni kwenye kila kiungo kama siku ile ya gumbuti mbili za kushoto. Hakuna pumzi inayovuja. Wenye maduka wakaanza kurudisha soda nusu nusu, na ofisi ya juu, ile ya Nairobi, ikaandika barua.

Meneja akaniita. Alikuwa ameshapata jibu kwenye kiti chake. Povu linatoka, chupa ni chafu, anayekagua chupa ni nani? Akanisomea karatasi aliyokuwa ameandaa, kwamba Perez Atieno amezembea, amelala kazini, amepitisha chupa chafu, na anaachishwa kazi. Chini palikuwa na mstari wa sahihi ya mkubwa wa laini. Bila sahihi hiyo karatasi haiendi. Akanipa mpaka Jumatatu, akasema ananiheshimu.

Nilimwambia Perez mwenyewe, siku hiyo hiyo. Sikutaka asikie kwa wafagiaji. Hakulia. Alizima taa yake, akanigeukia.

“Wewe ulinikuta nimelala siku gani, Jaduong'?” Hivyo ndivyo Wajaluo wanamwita mzee.

“Sijawahi.”

“Basi usinilaze leo.”

Akawasha taa.

Ningekuwa mtu wa shule labda ningepima kitu. Mimi nilichukua chaki nikaanza kuandika ukutani nyuma ya mashine kila kundi la chupa lilipofura, na lori gani limezileta. Kufikia Ijumaa ukuta ulikuwa umesema. Za Manyatta na mjini zilitulia. Za barabara ya Nyamasaria zilitulia. Zilizofura zote zilikuja na lori la ufuoni, linalozunguka mpaka kwetu Port Victoria. Nikachukua chupa moja ya lori hilo, imetoka kuoshwa, inameremeta, nikaipeleka kwa Perez nikamwambia aitafute kosa. Akaizungusha mbele ya taa mara tatu. Hakuna. Mimi pia sikuona. Nikaitia kwenye mfuko wa chakula nikaenda nayo nyumbani. Kwa sheria huo ni wizi, wakitaka waje wanishike.

Niliiweka dirishani. Asubuhi mke wangu akaniuliza kwa nini nimeleta chupa yenye ukungu. Nikainuka. Chupa ilikuwa imekauka, na ndani yake yote, kutoka chini mpaka mabegani, ilikuwa imeingia weupe kama jicho la mzee mwenye mtoto wa jicho. Nikapitisha kidole mdomoni mwa chupa kadiri kilivyofika. Imekwaruzika. Mikwaruzo midogo, mingi, haihesabiki. Nikaitia maji: ikameremeta tena, safi kabisa. Nikayamwaga, nikaikausha: ukungu. Hapo nikaelewa. Kioo kikilowa, maji yanaingia kwenye mikwaruzo yanaifunika jicho lisiione. Na kwa Perez chupa zilikuwa zinafika zimelowa, moto kutoka kuoshwa. Hata malaika angekaa kwa taa ile angezipitisha.

Lakini gesi haitumii macho. Kila mkwaruzo ni nyumba. Tulikuwa tunamimina soda kwenye kijiji.

Swali likabaki: nani anakwaruza chupa ndani? Jumapili nikaenda kwetu. Dada yangu Nabwire ana duka pale juu ya ufuo, anauza soda na sabuni na ndoano. Sikumkuta dukani. Nikaelekezwa ziwani, nikamkuta amekunja leso kiunoni, amesimama kwenye maji ya magoti na wenzake wawili wenye maduka, kreti zimepangwa kando. Anachota mchanga kwa kiganja na vijiwe, anatia kwenye chupa, anaongeza maji, anaziba kwa kidole gumba na kutikisa kwa nguvu zake zote, shaka shaka shaka, kisha anasuuza. Kila mwanamke wa ziwa anasugua sufuria yake kwa mchanga. Hakuna anayefundishwa. Mama yetu alitusugua hata miguu.

Nikamuuliza wanafanya nini. Akasema hata salamu sijatoa.

Nikatoa salamu. Nikauliza tena.

“Tunaosha chupa zenu. Dereva wenu alinirudishia kreti tano, eti zinanuka omena. Sasa hapa hakuna chupa chafu. Tazama, hata wewe huna meno safi hivi.”

Wenzake wakacheka. Nikamuuliza tangu lini. Akasema tangu mlete hiyo amri yenu, na sasa ufuo mzima wanafanya hivyo, mpaka kwa majirani, maana zake zinapokelewa bila maneno na wengine wamemwiga. Alikuwa na fahari. Nilisimama pale viatu vinalowa, nikashindwa hata kumkasirikia. Watu waliambiwa walete chupa safi, wakaleta chupa safi kuliko zote walizowahi kuleta. Nikamweleza habari ya mikwaruzo. Akanisikiliza mpaka mwisho, akaitazama chupa aliyoshika, akaniuliza kama ninamaanisha ametikisa mkono huu bure miezi miwili. Nikasema ndiyo. Akaitupa kwenye kreti.

“Basi mngesema namna ya kuosha. Mlisema safi tu.”

Hakuna injinia amewahi kunipa ripoti fupi na ya kweli kama hiyo.

Jumatatu niliingia ofisini kwa meneja na chupa mbili tupu zimelowa na soda kubwa moja ya baridi. Karatasi yake ilikuwa mezani, kalamu juu yake. Nikaziweka chupa mbele yake nikamwomba achague iliyo chafu. Alizigeuza, akazipeleka dirishani, akasema zote safi. Nikamwambia, umeshindwa kama Perez alivyoshindwa. Kisha nikamimina soda ile ile, mkono ule ule, polepole. Ya kwanza ikakaa kimya, uzi mmoja wa mapovu. Ya pili ikafura ikapanda shingoni ikamwagika mezani. Aliokoa simu kwanza, halafu karatasi.

Nikamweleza yote, chaki, ukungu, mchanga. Alinisikiliza vizuri, sitamsingizia. Hakuwa mjinga. Nilipofika kwenye amri ya ubaoni aliacha kunitazama, akawa anapangusa meza. Nikamwambia dawa yake ni rahisi: wenye maduka waambiwe waoshe kwa maji na brashi laini, zile zilizokwaruzika zivunjwe zirudi kuwa kioo, na kwa taa kila lori litolewe chupa chache zikaushwe kwanza ndipo zitazamwe. Akaandika yote. Nikafikiri tumemaliza.

Akairudisha ile karatasi mbele yangu, imelowa pembeni.

“Mzee, nimeelewa. Tutarekebisha hayo yote. Lakini Nairobi wanangoja jina. Siwezi kuwaandikia mchanga.”

“Kwa nini?”

“Mchanga utauliza nani aliyetoa amri.”

Kwa hiyo alijua. Nilikuwa nimebakiza miezi minane kumaliza miaka yangu, keki ya kuniaga ilikuwa imeshazungumzwa. Akaniambia kwa upole kabisa kwamba yule mama angepata kazi kwingine, kwamba mimi nina heshima kubwa hapa, kwamba ni sahihi tu. Nikachukua kalamu. Akapumua. Nikakata maneno yake kwa mistari miwili, na juu yake nikaandika kwa mwandiko wangu wa darasa la tano, herufi kubwa: KOSA NI MCHANGA. MCHANGA ULILETWA NA AMRI YA OFISI. PEREZ ATIENO HAJALALA. Hapo chini nikatia sahihi yangu, yote, na jina la baba yangu.

Niwaambie sasa msisome mkiwa na wasiwasi: karatasi ile haikwenda popote, wala meneja hakuthubutu kuandika nyingine, kwa sababu nilimwambia nina nakala ya ukuta wangu kwenye simu na chupa ya ukungu iko kwangu dirishani. Perez yuko kwa taa mpaka leo na brashi zimenunuliwa.

Lakini saa ile meneja alisimama. Akasema nimeharibu hati ya ofisi. Akasema sitarudi kwenye laini mpaka niandike barua ya kuomba radhi, niiandike sasa hivi, hapa, na tuanze upya kama wanaume. Akanisogezea karatasi nyeupe. Nikamwambia nimeomba radhi mara nyingi maishani, kwa Mungu, kwa mke wangu, kwa majirani, na kila mara nilikuwa nimekosa kitu. Leo sioni nilichokosa. Akasema basi nikitoka mlango huo bila kuandika, nisirudi.

Nikavua kofia ya kazi nikaiweka juu ya ile karatasi nyeupe. Nikashuka ngazi. Nilipita kando ya mashine ya kujaza, ilikuwa inalia vizuri, mvua juu ya mabati. Nilipita kwa taa. Perez alikuwa na macho kwenye chupa, hakuniona, nami sikumsimamisha. Askari wa geti akaniuliza kama kuna mgonjwa nyumbani, maana zamu ilikuwa haijafika hata nusu. Nikamwambia wote wazima. Akanifungulia. Nikavuka barabara, nikashika njia ya Manyatta kwa mguu, na geti lile sijalikanyaga tena.